Mkono Usiosema Uongo

Watu wengi hudhani kuwa uongo ni kazi ya ulimi peke yake. Mtu akifumba kinywa, husemwa kwamba amejiepusha na dhambi hiyo. Lakini mkono nao husema uongo, na kalamu ndiyo ulimi wake. Uongo wa mkono una hatari kubwa zaidi, kwa sababu hauna sauti ya kuwashtua wasikilizaji, na mara nyingi msemaji mwenyewe hajui kwamba amesema. Msomaji, nataka tufikiri pamoja juu ya swali hili: Mtu akipima jambo, na kipimo kikapingana na yale yanayoaminiwa na watu wote, yampasa aandike nini? Na kama akipima maisha yake yote asione kitu, je, kazi yake ilikuwa bure? Swali hili sikulipata kitabuni. Nililipata katika kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha fizikia katika shule moja ya sekondari jijini Nairobi. Siku moja wanafunzi walifanya jaribio la pendulamu, yaani kijiwe kilichofungwa kwenye kamba kikabembea. Waliirefusha kamba na kuifupisha, wakahesabu muda wa mabembeo ishirini, kisha wakachora mstari unaoonyesha uhusiano wa urefu wa kamba na mraba wa muda. Kitabu kinasema kwamba mstari huo hupita katika sifuri. Tulikuwa na rula moja tu ya mita, ya mti, nayo ilizungushwa meza kwa meza. Meza zilikuwa saba. Mistari sita ilipita katika sifuri barabara, kana kwamba imechorwa na mkono mmoja. Wa saba haukupita.

Mstari wa saba ulikuwa wa binti mmoja mkaaji wa Kambi Muru. Kambi Muru ni mojawapo ya vijiji vya Kibera, mahali palipoanzishwa na askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Na jina Kibera lenyewe limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mstari wa binti huyu ulinyooka vizuri, lakini uliukata mhimili wa urefu kiasi cha sentimita moja kando ya sifuri. Nilitia alama nyekundu. Akasema kwa adabu, “Mwalimu, nimerudia mara tatu. Kila mara naona vivyo hivyo.” Nikamjibu, “Binti yangu, kitabu hakikosei. Rudia mara ya nne.” Akaketi. Hakurudia, wala hakufuta.

Yafaa nikiri yale yaliyokuwamo moyoni mwangu. Sikuushuku mstari peke yake, nilimshuku mwenyewe. Nilijiambia kimoyomoyo kwamba mtoto aliyelelewa katika vichochoro, ambaye husomea katika chumba kimoja na ndugu zake wote, hana mikono iliyozoea vyombo vya sayansi. Jioni nilipokuwa nikivirudisha vyombo kabatini, niliitazama rula. Ncha yake ilikuwa imevunjika zamani, ikasuguliwa ikawa laini, na sentimita ya kwanza haikuwapo. Kila aliyeiweka ncha ile juu ya kamba alihesabu sentimita moja isiyokuwapo. Maana yake, kila mstari wa siku ile ulipaswa kwenda kando ya sifuri. Mistari sita iliyopata alama nzuri ilikuwa ya kughushi. Mmoja tu ulisema kweli, na huo ndio niliouadhibu.

Wahenga walisema kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Ni kweli, ikiwa kila mmoja ametazama kwa macho yake. Lakini sita walionakili si sita, ni mmoja. Na huyo mmoja hakutazama rula, alitazama kitabu.

Labda, msomaji, wasema kwamba hayo ni mambo ya watoto na mwalimu wao mzembe. La. Kosa kama hilo liliwahi kutendwa na wataalamu wakubwa wa dunia, tena juu ya jambo kubwa. Ili upate kulielewa, twende kwa kinyozi.

Ingia katika duka la kinyozi pale Kambi Muru, uketi mbele ya kioo. Kinyozi ashika mashine kwa mkono wa kulia; yule wa kiooni ashika kwa mkono wa kushoto. Maandishi ya ukutani yasomeka kinyume. Hata hivyo, hakuna jambo lolote humo kiooni ambalo haliwezi kutendeka duniani. Vinyozi mashoto wapo, na fundi wa rangi akitaka aweza kuandika herufi za kinyume. Wataalamu wa fizikia waliamini kwa muda mrefu kwamba maumbile yote ndivyo yalivyo: kila tendo la atomu laweza pia kutendeka jinsi lionekanavyo kiooni, kwa kuwa sheria za ulimwengu hazibagui kulia na kushoto. Imani hiyo tuiite ulinganifu wa kioo. Ilikuwa imani nzuri, nayo ilikuwa imepimwa mahali pengi. Lakini haikuwa imepimwa kila mahali.

Katika kiini cha atomu mna kani mbili ambazo hatuzioni katika maisha ya kila siku. Moja ni kani kali, ambayo huzifunga pamoja chembe za protoni na nyutroni. Nyingine ni kani dhaifu, ambayo huweza kuigeuza nyutroni ikawa protoni na kuirusha elektroni nje ya kiini. Mwaka 1928, huko New York, R. T. Cox na wenzake wawili walizichunguza elektroni zilizorushwa hivyo kutoka katika radiamu, wakaona dalili kwamba haziuheshimu ulinganifu. Waliandika walichokiona. Lakini wakati ule hapakuwa na nafasi ya jambo hilo katika akili za watu, nalo likasahauliwa kwa karibu miaka 30. Hakuna aliyelikanusha kwa kipimo bora. Liliachwa tu, kama nilivyouacha mstari wa binti yule.

Mwaka 1956, Tsung-Dao Lee na Chen Ning Yang, wataalamu wawili wazaliwa wa China waliofanya kazi Marekani, walipitia majaribio yaliyokwisha fanywa, wakatambua jambo la kustaajabisha: ulinganifu wa kioo haukuwa umethibitishwa hata mara moja katika kani dhaifu. Watu walikuwa wameuamini tu. Ndipo mama mmoja, Chien-Shiung Wu, naye mzaliwa wa China, akashirikiana na wenzake mjini Washington kuupima. Walizipoza atomu za kobalti kwa baridi kali mno, wakazipanga kwa sumaku ili viini vyake vizunguke kwa upande mmoja. Kama imani ilikuwa kweli, elektroni zingalitoka kwa kiasi kilekile pande zote mbili. Hazikutoka hivyo. Upande mmoja ulipata nyingi kuliko mwingine. Mapema mwaka 1957 dunia ikajua kwamba kani dhaifu hubagua kulia na kushoto. Mwaka uo huo Lee na Yang walipewa Tuzo ya Nobel. Wu, ambaye alipima, hakupewa.

Hadithi hii yapendeza, kwa sababu kipimo kilishinda imani. Lakini iko nyingine inayonigusa zaidi, ambayo kwayo hapana ushindi wa namna hiyo.

Kabla ya hayo yote, mwaka 1950, Wamarekani Edward Purcell na Norman Ramsey waliuliza kama kani za kiini zauheshimu ulinganifu wa kioo, wakasema kwamba jibu halitoki katika kuamini ila katika kupima. Walichagua kuipima nyutroni. Fikiri juu ya pia ya mtoto inayozunguka chini katika uchochoro. Nyutroni nayo huzunguka kwa namna inayofanana na hiyo. Kwa jumla haina umeme. Lakini yawezekana umeme chanya kidogo uwe umesogea kwenye utosi wake, na hasi kidogo ukabaki upande wa chini. Mwachano huo wataalamu huuita dipoli ya umeme.

Sasa iweke pia hiyo mbele ya kioo kilichosimama. Utosi wa kiooni wabaki juu, lakini mzunguko wageuka: iliyokuwa ikizunguka kwa kulia sasa yazunguka kwa kushoto. Basi kama nyutroni ina dipoli, ile ya kiooni ni nyutroni ya aina nyingine, ambayo haipo duniani, maana nyutroni zote ni sawasawa. Kwa hiyo, kama sheria zauheshimu ulinganifu wa kioo, dipoli lazima iwe sifuri. Tena, ukipiga filamu ya pia hiyo na kuirudisha nyuma, mzunguko wageuka na utosi wabaki pale pale. Dipoli ya nyutroni ingevunja basi ulinganifu wa namna mbili: wa kioo na wa wakati. Ulinganifu wa kioo ulipoanguka mwaka 1957, wengine walisema kwamba ule wa wakati ungali ukiikataza dipoli. Ramsey akajibu kwamba huo nao yapasa kupimwa. Hakukosea. Mwaka 1964, huko Brookhaven, Marekani, James Cronin na Val Fitch walizichunguza chembe ziitwazo kaoni, wakapata jambo ambalo kutokana nalo wataalamu walihitimisha kwamba ulinganifu wa wakati nao huvunjika.

Je, nyutroni ilionekana kuwa na dipoli? Purcell, Ramsey na mwanafunzi wao James Smith walipima huko Oak Ridge, nao matokeo yao yakachapishwa mwaka 1957: hawakuona kitu. Wakaja wengine wenye vyombo bora, hawakuona kitu. Njia yao hueleweka kwa urahisi. Nyutroni zilizopozwa hutiwa katika sumaku, nazo huyumbayumba kama pia inayotaka kuanguka. Kisha umeme mkali huelekezwa upande mmoja, halafu upande wa pili. Kama dipoli ipo, mwendo wa kuyumba utabadilika kidogo umeme unapogeuzwa. Mwaka 2020 kundi la wataalamu kutoka nchi mbalimbali, waliopima katika Taasisi ya Paul Scherrer nchini Uswisi, walitangaza matokeo yao. Kipimo chao kilikuwa kikali kuliko kile cha 1957 kwa zaidi ya mara milioni mbili. Kama nyutroni ingekuzwa ikawa kubwa kama dunia hii, basi mwachano wa umeme wake usingezidi sehemu moja au mbili za elfu ya milimita. Walipata nini? Sifuri.

Wengine wameitafuta dipoli katika elektroni na katika atomu za zebaki, wakapata sifuri vilevile. Wengine wameligeukia radiamu. Mwaka 2013, katika maabara ya CERN karibu na Geneva, ilithibitishwa kwamba kiini cha aina moja ya radiamu si mviringo wala si yai. Kina umbo lifananalo na parachichi, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Katika kiini cha namna hiyo, uvunjaji wa ulinganifu ungekuzwa mara nyingi, kama vile ufa mdogo uonekanavyo zaidi ukutani penye mwanga wa pembeni.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, “Mwalimu, watu wanaotafuta kitu kwa miaka sabini wasikione, wafanya kazi gani?” Swali hilo ni la haki, na jibu lake lina sehemu mbili.

Kwanza, sifuri iliyopimwa si sawa na sifuri iliyodhaniwa. Sifuri ya hawa yatufundisha kwamba kani kali, ambayo kwa nadharia yake yaruhusiwa kuuvunja ulinganifu wa wakati, ama haiuvunji kabisa au yauvunja kwa kiasi kisichozidi sehemu moja katika bilioni kumi hivi. Kwa nini iwe hivyo, hilo ni fumbo lililo wazi mpaka leo. Tena, wataalamu huamini kwamba ulimwengu ulipoanza ulikuwa na maada na kinyume chake kwa kiasi kilichokaribiana, navyo vikikutana huangamizana. Mwaka 1967 Mrusi Andrei Sakharov alionyesha kwamba, ili kitu kibaki, sheria za ulimwengu lazima ziwe na upendeleo mdogo mahali fulani. Upendeleo uliokwisha kuonekana hautoshi kueleza kwa nini nyota, udongo na sisi wenyewe tupo. Kila sifuri iliyo safi huifunga njia moja ya uongo, na kuwaachia wanaofuata njia chache za kutafuta.

Pili, na hili ndilo kubwa kwetu, tazama jinsi sifuri hiyo ilivyopatikana. Wataalamu wale wa Uswisi walijua kwamba moyo wa mtu huelemea upande autakao, hata akiwa mwaminifu. Basi kabla ya kufanya hesabu, takwimu zao zilitiwa siri: kiasi kisichojulikana kiliongezwa ndani yake kwa makusudi. Makundi mawili yalipewa takwimu hizo, kila moja kwa siri yake, yakafanya kazi mbalimbali, na pazia halikuondolewa mpaka hesabu zote zilipokwisha. Hawakujifunga macho kwa kuwa ni waongo, bali kwa kuwa ni watu. Kama wanafunzi wangu wa meza sita wasingalijua kwamba kitabu chataka sifuri, wangalipata ukweli uleule alioupata mwenzao.

Usidhani, msomaji, kwamba jambo hili ni la maabara tu. Kwa miaka mingi magazeti na vitabu vilisema kwamba Kibera ina watu milioni moja, na wengine wakazidisha. Kila mwandishi alimtegemea mwenzake, kama meza sita zilivyotegemeana. Mwaka 2009 ikafanywa sensa ya taifa, na Kibera wakahesabiwa watu 170,070. Wako wanaoibisha hesabu hiyo, nao wana haki ya kufanya hivyo; lakini yawapasa nao wahesabu. Mwaka uo huo vijana wa Kibera walianza kupita katika vichochoro vyao na vyombo vya kupimia, wakachora ramani ya mahali ambapo kwa muda mrefu palisimuliwa sana na kupimwa kidogo. Mahali pasipopimwa, kila mtu hupasemea apendavyo. Na watu wake pia husemewa hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa na tarakimu yangu ya uongo juu ya Kambi Muru, nayo ilihusu akili na mikono ya watoto wake. Sikuipata kwa kupima.

Siku ya pili niliileta rula ile mbele ya darasa, nikawaonyesha ncha yake, nikasema wazi kwamba nilikosea. Wale wa meza sita waliinamisha vichwa. Sikuwaadhibu, maana walijifunza kwangu kwamba jibu la kitabu lapendwa kuliko jibu la kweli. Binti yule hakufurahi kama nilivyotazamia. Alifikiri kidogo, kisha akasema, “Mwalimu, leo wanisifu kwa kuwa rula imevunjika. Kama rula ingalikuwa nzima, na kosa likawa langu, ungalinisikiliza?”

Sikuwa na jibu siku ile. Aliona zaidi yangu. Mimi nilimheshimu kwa sababu mwisho wake ulikuwa ushindi. Yeye alitaka aheshimiwe kwa sababu aliandika alichokiona. Cox aliandika alichokiona, na baadaye ikaonekana kwamba aliona jambo kubwa. Ramsey na wenzake waliandika walichokiona, nacho kilikuwa sifuri. Wote wawili walikuwa na uaminifu mmoja. Tukimsifu mkweli pale tu ukweli wake unapotushangaza au kutupendeza, hatujaupenda ukweli bado. Tumependa mshangao na kupendezwa.

Tangu siku hiyo nasahihisha madaftari majina yakiwa yamefunikwa kwa karatasi, na ninapoona tarakimu isiyolingana na kitabu, kwanza naiendea rula. Wakati mwingine rula ni nzima na mwanafunzi amekosea. Hapo namwambia kosa lake, lakini namtilia alama ya kuwa hakughushi.

Nawe, msomaji, hivi karibuni utaketi mbele ya chombo chako, au mbele ya habari ya mtu usiyemjua kutoka mahali unapopasikia tu. Kitabu kitakuwa kimekwisha kukuambia utakachokiona, na wenzako watakuwa wamekwisha kuandika. Tazama kwanza kwa macho yako. Andika ulichokiona, hata kama ni sifuri, hata kama ni wewe peke yako, hata kama kalamu nyekundu yakungoja. Ukigundua baadaye kwamba ulikosea, sahihisha mchana, mbele ya watu. Na ukipewa wewe kalamu nyekundu, usiulize mwandishi atoka wapi mpaka umekwisha kuitazama ncha ya rula uliyompa.